Mtu Anakula, Mbona Hana Damu?

Mazungumzo ya afisa elimu ya watu wazima mbele ya wanakisomo na wanakijiji



Leo tumekutana kuzungumza juu ya damu. Kila mmoja wetu amewahi kusikia mtu akiambiwa zahanati, "Huna damu ya kutosha." Pengine ni wewe mwenyewe. Pengine ni mama yako, au mtoto wako. Na sote twajua maneno yanayofuata: kula mboga za majani, kula maharage, meza vidonge vya kuongeza damu. Ushauri huo ni mwema, na mara nyingi hufaa. Lakini wapo watu wanaokula vizuri, wanaomeza vidonge vyote, na bado damu haiongezeki. Hao ndio tunaotaka kuwazungumzia leo. Wengi wao huchelewa kupata tiba, na kuchelewa huko kwaweza kuwaachia ulemavu.

Hebu tuanze na mfano.

BIBI MKULIMA

Tumfikirie mama mmoja, tumwite Bibi Mkulima. Huyu ni mtu wa mfano tu. Lakini dalili zake ni za kweli, na wagonjwa wenye dalili kama hizi wapo.

Bibi Mkulima ana umri wa miaka 58. Ana kuku, ana ng'ombe mmoja wa maziwa, na siku ya gulio hakosi kununua dagaa. Chakula nyumbani kwake hakipungui. Lakini alianza kuchoka. Akilima matuta mawili, anakaa chini. Akipanda kilima na ndoo ya maji, moyo unamwenda mbio na anahema. Viganja vyake vikawa vyeupe. Akaenda zahanati. Akapimwa malaria, hana. Akapewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu. Akameza vyote kama alivyoagizwa. Miezi mitatu ikapita, uchovu uko palepale.

Halafu yakaja mambo mengine. Ulimi ukawa mwekundu na laini, hata pilipili kidogo inauchoma. Miguu ikaanza kufa ganzi, kama ya mtu aliyeikalia. Siku moja alifika nyumbani, mjukuu wake akamwuliza, "Bibi, kandambili yako nyingine iko wapi?" Kumbe ilimvuka njiani, asijue. Usiku, taa ikizimwa, anayumba kama mlevi, na yeye pombe hajaonja.

Hapo maneno yakaanza. Wengine wakasema ni uzee. Wengine wakasema hali vya kutosha, wakamlazimisha mchicha asubuhi na jioni. Wengine wakasema amerogwa. Mbuzi wawili wakauzwa kumlipa mganga wa kienyeji. Na ganzi ikazidi kupanda, kutoka nyayo kuelekea magotini.

Je, Bibi Mkulima alikuwa na nini?

DAMU INATENGENEZWA WAPI?

Ili tumwelewe Bibi Mkulima, kwanza tuielewe damu yenyewe.

Damu ina chembechembe nyekundu, ndogo sana, hazionekani kwa macho. Kazi yake ni kuchukua hewa safi kutoka kwenye mapafu na kuipeleka kila mahali mwilini. Chembechembe hizi zikiwa chache, mwili unakosa hewa. Ndiyo sababu mtu anachoka na kuhema.

Chembechembe nyekundu hazidumu. Kila moja huishi siku 120 hivi, yaani miezi minne, kisha hufa. Kwa hiyo mwili hauna budi kutengeneza nyingine kila siku. Kiwanda chake kimo ndani ya mifupa, katika uboho. Na kiwanda, kama mjuavyo, hakifanyi kazi bila malighafi. Malighafi za damu ni nyingi, lakini kubwa ni hizi tatu: madini ya chuma, vitamini iitwayo asidi ya foliki, na vitamini nyingine iitwayo B12.

Sasa tukumbuke jambo moja. Upungufu wa damu si ugonjwa mmoja. Una sababu nyingi. Malaria huharibu damu. Minyoo ya safura huinyonya tumboni. Hedhi nzito na uzazi wa karibu karibu humaliza madini ya chuma. Wengine wamezaliwa na ugonjwa wa selimundu. Sababu hizi ndizo tunazozikuta mara nyingi vijijini, na tatizo si dogo. Uchunguzi wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wanawake 45 walikuwa na upungufu wa damu.

Kwa hiyo mganga wa zahanati hakukosea alipoanza na malaria, minyoo na vidonge vya chuma. Ndivyo inavyotakiwa. Swali ni hili: kama hayo yote yamefanyika na damu bado haipandi, tufanye nini? Tukae tu? Hapana. Tutafute sababu nyingine.

MAGUNIA YAKO UKINGONI, MTUMBWI HAKUNA

Sababu iliyomsumbua Bibi Mkulima ni upungufu wa vitamini B12. Vitamini hii tunaipata katika vyakula vinavyotokana na wanyama: maini, nyama, samaki, dagaa, mayai na maziwa. Mahindi, mihogo, maharage na mboga za majani, pamoja na uzuri wake wote, havina vitamini hii. Na mwili unahitaji kiasi kidogo mno. Ukichukua gramu moja ya B12, yaani kiasi cha chumvi kidogo kwenye ncha ya kijiko, ingemtosha mtu mzima mmoja kwa zaidi ya miaka elfu moja!

Mtauliza, "Lakini Bibi Mkulima anakunywa maziwa na anakula dagaa. Anakosaje?"

Hapa ndipo penyewe. Kula ni jambo moja, na mwili kukipokea chakula ni jambo jingine.

Fikirini mto mkubwa. Ng'ambo hii yako magunia ya mahindi. Ng'ambo ile wako watu wenye njaa. Magunia hayavuki yenyewe, yanahitaji mtumbwi. Mtumbwi ukipasuka, hata mkileta magunia mia zaidi, yatalundikana tu ukingoni. Wale wa ng'ambo watakufa njaa wakiyatazama.

Vitamini B12 ni hayo magunia. Ukuta wa utumbo ni huo mto. Na mtumbwi ni kitu maalumu kinachotengenezwa na tumbo lenyewe, tumbo lile ambamo chakula huingia kikishamezwa. Kitu hiki huishika B12, husafiri nayo mpaka karibu na mwisho wa utumbo mwembamba, na hapo ndipo huivusha iingie katika damu. Mtu ambaye tumbo lake halitengenezi tena kitu hicho hula B12 kila siku, na karibu yote hupotea chooni.

Kwa nini tumbo liache kukitengeneza? Mwili wetu una askari wake wa kupigana na vijidudu. Kwa baadhi ya watu, hasa wakishakuwa na umri mkubwa, askari hawa hukosea. Huligeukia tumbo la mwenyewe na kuiharibu sehemu inayotengeneza mtumbwi. Si kosa la mgonjwa. Si uchafu wala uvivu. Hauambukizwi kwa kula pamoja. Na si uchawi, ingawa katika ukoo mmoja waweza kuwapata watu zaidi ya mmoja.

Jambo la hatari ni kwamba ugonjwa huu huja polepole. Ini la mtu mwenye afya huweka akiba ya B12 ya kutosha miaka kadhaa. Kwa hiyo mtumbwi waweza kupasuka leo, na dalili zikaonekana baada ya miaka mitatu au zaidi. Nani atakumbuka ulianza lini?

Tena B12 hailindi damu peke yake. Inalinda pia mishipa ya fahamu, ile inayopeleka habari kati ya ubongo na viungo. Ikikosekana, miguu na mikono hufa ganzi au huchomachoma kama sindano. Mtu huyumba gizani. Wengine husahau sana, wengine huwa na huzuni au hasira zisizo na sababu. Ndiyo maana Bibi Mkulima alipoteza kandambili bila kujua.

WATAALAMU WALIGUNDUAJE?

Msidhani kwamba wasomi waliujua ugonjwa huu kwa siku moja. Mwaka 1849 daktari mmoja wa London, Thomas Addison, aliwaeleza wenzake habari za wagonjwa waliokosa damu bila sababu kuonekana. Hakuwa na dawa. Kwa miaka mingi baada yake, aliyepata ugonjwa huu karibu kila mara alikufa.

Mwaka 1926 madaktari wawili wa mji wa Boston, Marekani, George Minot na William Murphy, walitangaza habari ya ajabu. Waliwalisha wagonjwa 45 maini kwa wingi, kila siku, na wagonjwa wakapata nafuu. Kwa kazi hiyo, pamoja na mwenzao George Whipple, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1934.

Lakini kwa nini maini mengi hivyo? Daktari kijana wa hukohuko Boston, William Castle, alijiuliza swali kama letu: mbona mtu mzima ananufaika na kipande kidogo cha nyama, na mgonjwa hanufaiki? Akafanya jambo ambalo wengi wetu lingetutia kinyaa. Alikula nyama ya ng'ombe yeye mwenyewe, akaiacha tumboni mwake kama saa moja, kisha akaitapisha. Chakula hicho wagonjwa wakapewa kwa mpira mpaka tumboni. Damu yao ikaongezeka! Walipopewa nyama ileile ambayo haijapita katika tumbo la mtu mzima, haikuongezeka. Alitangaza matokeo yake mwaka 1929. Hapo ikajulikana kwamba tumbo zima lina kitu ambacho tumbo la mgonjwa halina. Huo ndio mtumbwi wetu.

Mwaka 1948 wataalamu wa Marekani na Uingereza wakaipata vitamini yenyewe kutoka kwenye maini. Ni chembe nyekundu za kupendeza. Wakaiita B12. Tangu hapo, ugonjwa uliokuwa ukiua ukawa ugonjwa wa kutibika kwa sindano.

Kumbe elimu haina mwisho hata kwa madaktari. Walipoona jibu la kwanza halitoshi, waliuliza tena. Na sisi tuige.

TIBA YAKE

Mtumbwi ukipasuka, tunatafuta njia nyingine ya kuvuka. Njia inayotumika sana ni sindano ya B12. Sindano haipiti tumboni, inaiingiza vitamini moja kwa moja mwilini. Mwanzoni mgonjwa huchomwa mara nyingi, kisha huendelea kuchomwa kila mwezi, au kila baada ya miezi miwili au mitatu, kama daktari atakavyopanga. Ipo pia tiba ya vidonge vya B12 vyenye nguvu nyingi. Katika kila sehemu 100 za vidonge hivyo, kama sehemu moja hupita yenyewe bila mtumbwi, na ikimezwa kila siku hiyo yaweza kutosha. Daktari ndiye wa kuchagua.

Nguvu huanza kurudi katika siku chache. Damu huweza kufika kiasi chake katika miezi miwili hivi. Lakini mishipa ya fahamu ni mizito kupona. Huchukua miezi mingi, na ikiwa ganzi imekaa muda mrefu, yaweza isiondoke yote. Hii ndiyo sababu tunapiga kelele leo: wahi mapema!

Tuna maonyo manne.

Kwanza, usiache tiba kwa sababu umepata nafuu. Askari waliokosea hawajarudi nyuma. Mtumbwi bado umepasuka. Kwa mgonjwa wa aina hii, tiba ni ya maisha. Akiacha, ugonjwa hurudi kimyakimya.

Pili, kuongezewa damu hospitali huokoa maisha wakati wa hatari, lakini hakuondoi sababu. Sababu isipotibiwa, damu itapungua tena.

Tatu, vidonge vingi vya kuongeza damu vina madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki. Asidi ya foliki yaweza kuipandisha damu hata kwa mtu aliyepungukiwa B12. Watu hufurahi, kumbe mishipa ya fahamu inazidi kuharibika. Kwa hiyo mwenye ganzi ya miguu amweleze mganga, hata kama kipimo cha damu kimepanda. Lakini sikilizeni vizuri: mama mjamzito asiache vidonge vyake kwa sababu ya maneno haya. Vidonge hivyo vinamlinda yeye na mtoto.

Nne, si kila ganzi ni B12. Kisukari, ukoma na pombe nyingi pia huleta ganzi. Vipimo ndivyo vitakavyosema.

NANI AJIANGALIE ZAIDI?

Wazee wajiangalie, maana tumbo la mzee hupungukiwa nguvu. Aliyepasuliwa akaondolewa sehemu ya tumbo, au sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, ajiangalie. Mgonjwa wa kisukari aliyetumia dawa ya metformini kwa miaka mingi, na anayetumia kwa muda mrefu dawa za kupunguza tindikali tumboni, wamwulize daktari juu ya B12. Wasiache dawa zao wenyewe, waulize tu. Na yule asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa, hata kama tumbo lake ni zima, atapungukiwa. Huyo mtumbwi anao, ila magunia hana.

KALAMU YETU ITUSAIDIE

Sasa turudi kwa Bibi Mkulima. Nani aliyemwokoa? Ni binti yake, mwanakisomo kama ninyi. Alichukua daftari lake la kisomo, akaandika katika ukurasa mmoja: tarehe uchovu ulipoanza, dawa zilizotolewa, zilimezwa siku ngapi, tarehe ulimi ulipoanza kuuma, tarehe ganzi ilipoanza. Hakuandika maneno makubwa. Aliandika aliyoyaona.

Akafuatana na mama yake zahanati, akampa mganga ule ukurasa. Mganga akasoma, akanyamaza, kisha akauliza, "Mama, miguu hii ina ganzi tangu lini?" Mara zote za kwanza Bibi Mkulima alikuwa amesema "nimechoka" tu. Ganzi hakuitaja, maana hakujua kwamba miguu ina uhusiano na damu. Siku hiyohiyo akaandikiwa barua ya kwenda hospitali kubwa. Huko damu yake ilitazamwa kwa darubini. Chembechembe zilikuwa chache, tena kubwa kuliko kawaida. Aliyekosa chuma, zake huwa ndogo. Akapimwa B12, ikaonekana iko chini sana. Akaanza sindano.

Leo Bibi Mkulima analima. Ulimi umepona. Ganzi imeshuka, lakini vidoleni bado ipo, na huenda ikabaki. Kama ukurasa ule ungeandikwa miezi sita mapema, pengine isingebaki. Na mbuzi wawili wangekuwa zizini.

Wazazi wetu hukumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, walipokusanyika vikundi vikundi kusikiliza redio na kusoma vitabu, kisha wakatoka na majembe kuchimba vyoo. Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa. Lakini somo lao bado ni letu: kusoma bila kutenda ni kazi bure.

Basi tufanye mambo matatu. Kila nyumba iwe na ukurasa wa afya katika daftari. Mtu akimaliza vidonge vya kuongeza damu kama alivyoagizwa na asipate nafuu, arudi zahanati, asikae. Na mwenye kadi ya sindano aisome tarehe yake mwenyewe, au asomewe na jirani mwanakisomo, asipitishe siku.

Ndugu zangu, zamani tulitia dole gumba kwenye karatasi tusiyojua imeandikwa nini. Leo tunasoma na kuandika. Tusiiache kalamu ilale darasani, nayo nyumbani ina kazi.



MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Taja sababu tatu za upungufu wa damu unazozijua kijijini kwako.

2. Kwa nini Bibi Mkulima alikosa vitamini B12 ingawa alikula dagaa na kunywa maziwa?

3. Kwa nini haifai kuacha sindano mgonjwa akipata nafuu?

4. Kama wewe ungekuwa jirani wa Bibi Mkulima, ungemwambia nini kabla mbuzi hawajauzwa?

5. Andika katika daftari lako mistari mitano juu ya afya ya mtu mmoja wa nyumbani kwako. Usisahau tarehe.